Beleshi la Nne

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la Halina, limeegemea ukuta upande usiopigwa na upepo, na kila mtu wa Kilmurragh, kijiji cha Wairishi, anajua kwamba ukitaka habari kabla haijatokea unapita hapo Jumapili baada ya Misa. Lina nafasi ya watu watano waliokubali kubanana. Kushoto kabisa hukaa Sajenti, ambaye hajawahi kuwa polisi hata siku moja ila anapenda kuamrisha. Kisha Redio, anayetangaza bure. Kisha Kimya, ambaye mara ya mwisho kusema sentensi nzima ilikuwa Pasaka. Kisha Hapana. Na mwisho, panapodondoka maji ya paa, hukaa Kamili, Mpolandi, mume wa Halina. Alipewa jina hilo kwa sababu ukimwambia saa mbili anafika saa mbili kamili, jambo ambalo katika wilaya nzima ya Roscommon lilikuwa halijapata kuonekana. Kahawa ya hapo ni ya kwao Halina: unga unatiwa kwenye glasi, unamwagiwa maji yanayochemka, machicha yanabaki chini. Wazee walianza kwa kuyatema, siku hizi wanayatafuna. Jumapili hii Halina alitoka na glasi tano kwa mazoea, akafika benchini, ndipo akakumbuka. Akaiweka ya tano mahali pa Hapana, katikati ya Kimya na mumewe, akarudi dukani bila neno.

Hapana, kwa jina la ubatizo Malachy Tuohy, alikuwa amefariki Ijumaa asubuhi akiwa na miaka themanini na moja, kitandani mwake, buti zake zimepangwa vizuri mlangoni. Hakuoa, hakuzaa, na ndugu aliyebaki ni binti wa dada yake huko Coventry, ng'ambo ya bahari, aliyekuwa njiani. Jina la Hapana alilipata kwa haki. Ukimkaribisha chai, hapana, nisiwasumbue. Ukimpa lifti mvua inanyesha, hapana, nakaribia kufika, na hapo amebakiza maili nne. Mpaka umwombe mara ya tatu ndipo anakubali, tena kwa sura ya mtu anayekufanyia hisani. Wairishi wote wana tabia hiyo, lakini yeye aliichukulia kama kazi ya kuajiriwa.

Mazishi yalikuwa Jumanne. Na Kilmurragh hakuna mtu wa kulipwa anayechimba kaburi, wala mashine haigusi. Wanachimba majirani, kwa mikono, wanne. Tena Jumatatu kaburi halifunguliwi, ni mwiko wa tangu na tangu. Kwa hiyo ukizika Jumanne lazima Jumapili, jua likiwa bado juu, mtu akate kipande cha kwanza cha majani. Ukishakata hicho, Jumatatu unaendelea bila wasiwasi. Siku hizi za mwisho wa Novemba jua linazama saa kumi na robo. Ilikuwa imeshatimu saa nane na nusu, na ukutani kando ya benchi yalikuwa yameegemezwa mabeleshi manne yenye wenyewe watatu.

— Tuko watatu, alisema Sajenti. Kaburi linataka wanne.

— Kaburi linataka urefu na upana, alisema Redio. Idadi halijui kuhesabu.

— Wanne. Baba yangu alichimbiwa na wanne, babu yangu wanne, na wa nne kwa miaka thelathini alikuwa Hapana. Sasa yeye ndiye anayechimbiwa. Mnaona balaa?

Kimya akatikisa kichwa kuonyesha kwamba anaiona.

— Mimi nipo, alisema Kamili.

Alisema kama anavyosema kila kitu, bila kulifungia neno kwenye karatasi. Wazee wakaangalia barabara, ambako hapakuwa na kitu.

— Tutaona, alisema Sajenti.

Kamili alikuwa na miaka kumi na saba hapa. Wiki ya kwanza Sajenti alimuuliza habari yako, naye akamweleza figo yake kwa dakika ishirini, mpaka Sajenti akakimbilia kwenye gari. Tangu hapo alikuwa amejifunza mengi, na mojawapo ni maana ya "tutaona".

— Hiyo ni kukataa, mzee?

— Nimesema tutaona.

— Basi umekataa.

— We bwana, usimkabe mzee koo, alisema Redio. Hapa mtu hakataliwi usoni. Ni adabu.

— Kwetu adabu ni kumwambia mtu mapema, aende akatafute kwingine.

— Ndiyo maana kwenu watu wanatembea na sura za ofisi ya kodi! Mpolandi akifurahi, utadhani kafiwa.

— Na Mwairishi akifiwa utadhani yuko harusini. Jana kwenye mkesha mlicheka mpaka mshumaa ukazimika, marehemu amelala hapo hapo.

— Tulikuwa tunampa heshima zake, alisema Sajenti, akiwa ameumia kweli. Mtu kucheka mbele ya maiti yako, ujue ulikuwa mtu.

Akanywa kahawa, akapangusa machicha mdomoni, akageuka mzima mzima kumtazama Kamili. Sajenti hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwonyesha Kamili pa kukata kuni, ndiye aliyesimama naye bonde lilipofurika. Lakini kwa makaburi alikuwa na ukali wake.

— Sikiliza, Kamili, usinielewe vibaya. Wewe mtu safi. Lakini wajua fahari yetu ni nini hapa? Si bendera. Si ngoma za sikukuu ya taifa mwezi wa tatu na watu kuvaa kofia za kijani. Fahari yetu ni kwamba hakuna mtu wa barabara hii aliyewahi kufunikwa udongo na mtu asiyemjua. Wakati wa njaa kuu, wenyewe hawana nguvu ya kusimama, walichimbiana. Na jirani si mtu anayeishi karibu. Jirani ni yule ambaye baba yake alimchimbia baba yako. Umenipata?

— Nimekupata.

— Baba yako amelala wapi?

— Suwałki, kwetu Poland.

— Na aliyemchimbia?

Kamili akaitazama mikono yake. Baba yake alikufa mwezi wa pili, theluji ikazuia ndege, akafika siku moja baada ya mazishi na kukuta lundo la maua limekwisha kupangwa. Hakupata kushika hata donge moja la udongo. Tangu siku hiyo kila akiona watu wanachimba, iwe mtaro wa maji au shimo la nguzo, mikono yake ilikuwa inamwasha.

— Watu wa kulipwa, alisema.

— Unaona! alisema Sajenti, lakini sauti ilikuwa imelegea, na akageukia ukuta kuficha uso. Akalichukua beleshi la nne na kulipakata magotini. Hili ndilo la Hapana, alisema. Nimelitoa bandani kwake leo asubuhi. Limeoshwa, limepakwa mafuta, limesimamishwa karibu na mlango kama mtu anayesubiri basi. Tazameni. Hiki ndicho kizazi chetu. Mtu mwenye miaka themanini na moja anatunza beleshi namna hii! Halafu mnataka nilikabidhi kwa nani?

Kamili akatazama. Chini kidogo ya mshikio, mahali kidole gumba kinapokaa, palikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto, W na Z. Witold Zaremba, jina halisi la Kamili. Beleshi lilikuwa lake.

Angeweza kusema. Neno moja tu, na Sajenti angebaki mdomo wazi. Lakini neno hilo lingevuta la pili, na la pili lingevuta lote, na lote alikuwa ameapa kutolisema.

Miaka kumi na miwili nyuma, mkesha wa Krismasi, Hapana alikuja kurudisha msumeno. Alibisha hodi hasa wakati nyota ya kwanza inatoka, vyakula kumi na viwili viko mezani, na ile sahani tupu, ambayo kila nyumba ya Kipolandi huiandaa usiku huo kwa mgeni asiyetarajiwa, iko mahali pake. Ukoo mzima wa Kamili, toka babu wa babu, ulikuwa umeiandaa sahani hiyo na hakuna mgeni aliyewahi kutokea. Halina alipofungua mlango na kumwona mzee amesimama na msumeno, alipiga ishara ya msalaba. Ingia, mzee. Hapana, nisiwasumbue. Kamili, kwa akili zake za wakati ule, akaona mtu amekataa, akataka kumuaga. Halina ndiye aliyemdaka mzee mkono wa koti, akamwomba mara ya pili, akamwomba ya tatu. Akaingia. Mwaka uliofuata akaja kurudisha randa. Mwaka mwingine ngazi. Ikawa kila Novemba Hapana anakuja kuazima kitu asichokihitaji, ili mkesha wa Krismasi awe na cha kurudisha, na mgeni abaki kuwa mgeni asiyetarajiwa. Walimfungulia mlango kwa mshangao miaka yote kumi na miwili. Mwaka huu, wiki mbili zilizopita, alikuja kuazima beleshi.

— Wale wa benchini wasijue, alimwambia Kamili siku ile ya kwanza. Sajenti nimemwambia nakula kwa Redio. Redio nimemwambia nakula kwa Kimya. Wakijua watajisikia vibaya, na wote ni watu wazuri.

Kamili akampa neno lake. Na neno la mtu wa Suwałki halina tarehe ya kuisha. Sasa alikuwa amekaa hapa, beleshi lake kwenye magoti ya mwenzake, analitamani na hawezi hata kulinyooshea kidole.

Redio, ambaye hakupenda kuona mtu ameinama, akaamua kuingilia kati.

— Sajenti, hebu tuliangalie jambo kisayansi. Wapolandi ni watu wetu.

— Watu wetu kivipi?

— Viazi. Nitajie taifa lingine linalopenda viazi kama sisi. Huna! Sasa nikwambie siri. Zamani tulikuwa watu wamoja, nyumba moja, jiko moja. Tukagombana. Waliotaka kiazi kichemshwe na ganda lake wakaja huku magharibi. Waliotaka kikwaruzwe kikaangwe wakaenda zao mashariki.

— Kiazi kimetoka Amerika juzi tu, alisema Kamili.

— Ndiyo maana ugomvi ulichelewa. Usinikatize, nakutetea wewe! Halafu kuna suala la mtawa. Mtawa wetu, mtakatifu kabisa, jina limenitoka, alitumwa Roma. Njiani akamuuliza Mwairishi mwenzake barabara. Unajua sisi tunavyoelekeza: pita pale palipokuwa na mti, kunja kwa yule mjane aliyehama. Masikini akatokea Poland na mbwa wake na chungu cha kabichi, akawafundisha kuichachusha.

— Kabichi ni yetu! ilitoka sauti ya Halina dukani. Na mtawa wenu kama alifika, alifika amechelewa!

— Shemeji, mimi nipo upande wenu!

— Basi hamia upande mwingine!

Kimya akacheka kwa mabega.

— Na kitu cha tatu, alisema Redio, ambaye akishawaka hana pa kuzimia, ni sura. Mtazame Kamili pua yake. Hiyo pua ni ya kina Breen wa Strokestown. Nina hakika kuna Breen alikwenda vitani na jeshi la Napoleoni, akapata baridi njiani akaingia kwenye nyumba moja kuota moto. Moto wenyewe ukamwenea. Sisemi zaidi.

— Umeshasema zaidi, alisema Kamili. Bibi yangu angekusikia angekutandika na mwiko.

— Unaona? Hata mwiko! Bibi yangu mimi alitumia mwiko huo huo!

Sajenti alikuwa anajizuia kucheka, na kwa kuwa hakutaka kushindwa, akaingia kwa mlango wa historia, ambako hakuna aliyewahi kumshinda.

— Acheni mchezo. Sisi tumetawaliwa miaka mia nane. Mia nane! Watu wametoka hapo wakiwa bado watu. Nani mwingine?

— Sisi tulifutwa kwenye ramani, alisema Kamili. Miaka mia moja ishirini na tatu. Unafungua ramani, unatafuta nchi, hamna. Nyinyi angalau kisiwa kilikuwepo.

— Kisiwa hakifutiki. Kina maji pande zote.

— Ndiyo nakwambia! Nyinyi mlisaidiwa na maji. Sisi huku Mjerumani, huku Mrusi, katikati tambarare tupu kama meza. Na tukabaki. Unajua tulibaki wapi? Jikoni. Mabibi walifunga mlango wakafundisha watoto kusoma lugha yao, askari anapita nje.

— Sisi watoto walifundishwa nyuma ya ua wa miti, mvua inawanyea.

— Basi tuko sawa.

— Hatuko sawa hata kidogo. Nyinyi mlikuwa ndani!

Hapo hata Kamili alicheka, na moyoni mwake fahari na uchungu vikachanganyika, kwa sababu aliwapenda wazee hawa wenye kujivunia kipigo chao kama wengine wanavyojivunia ng'ombe, na kwa sababu katika hilo hakuona walichozidiana.

— Halafu watu huko nje wanatuita walevi, alisema Redio. Sisi na nyinyi, wote. Walevi!

Wakazitazama glasi zao za kahawa kwa masikitiko.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye bati la kanisa. Sajenti alitazama saa, akatoa simu mfukoni.

— Tisa na robo. Nampigia mtoto wa binamu yangu kule Longford. Nusu saa atakuwa hapa. Babu yake alichimba na babu yangu.

— Yule? alisema Redio. Yule hamjui Hapana hata kwa sura!

— Damu inamjua.

— Sajenti, Kamili anapakana naye ukuta. Miaka kumi na saba!

— Nimesema nampigia.

Akaanza kubonyeza namba kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepanda mbegu. Kamili akaweka glasi yake chini. Alikuwa amewaambia wazee ukweli wote aliokuwa na ruhusa ya kuusema, nao ulikuwa hautoshi. Akamtazama Halina, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Halina naye alikuwa anatazama herufi zilizochomwa kwenye mpini.

Simu ya Longford ilikuwa bado inaita, ndipo gari dogo la kukodi likasimama mbele ya duka. Akateremka mama wa miaka kama hamsini, koti jeusi, macho yamevimba, na masikio marefu kama ya Hapana, ambayo benchi zima liliyatambua kabla hajafungua mdomo. Sajenti akakata simu, akasimama. Wote wakasimama.

— Samahani jamani, alisema. Mimi Dervla. Nimekwenda nyumbani kwa mjomba nimekuta pamefungwa. Nimeambiwa nikiona benchi nimefika.

— Umefika, binti, alisema Sajenti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Pole sana. Pole kwa safari na pole kwa msiba.

Redio akampa pole yake, ndefu. Kimya akaishika kofia. Halina akaja.

— Kaa hapa, mama. Nikuletee kahawa.

— Hapana, asante, nisiwasumbue.

Benchi likatazamana.

— Maji yako motoni tayari, alisema Halina.

— Hapana, kweli, sikai sana.

— Kaa unywe, mama.

— Haya, basi, kama mnakunywa wenyewe.

— Ni damu yake, alinong'ona Redio. Hamna haja ya kuuliza kitambulisho.

Dervla akakaa mahali palipokuwa wazi, katikati ya Kimya na Kamili, akaichukua ile glasi ya tano. Halina akataka kumbadilishia, akisema imepoa. Akasema hapana, hii inatosha, akainywa vile vile, machicha na yote. Kisha akaiweka glasi magotini akaishika kwa nguvu.

— Nina swali moja tu, halafu nawaacha mwende mkafanye kazi yenu. Mimi kila mkesha wa Krismasi nilikuwa nampigia mjomba simu, asijione mpweke. Miaka kumi na miwili sasa, nikipiga jioni hapokei. Asubuhi ananiambia: nilialikwa, mama, nilikataa lakini watu wenyewe hawakubali, walishaniwekea sahani. Kila mwaka hivyo hivyo. Na sauti yake siku hiyo inakuwa ya kijana. Nimeleta zawadi ya nyumba hiyo. Ni nyumba ya nani?

Sajenti akaanza kutabasamu, akamgeukia Redio.

— Si kwa Redio hapa? Mwenyewe aliniambia...

— Kwangu? alisema Redio. Mimi aliniambia anakula kwa Kimya.

Wakamgeukia Kimya. Kimya akazungusha kofia mikononi mara mbili.

— Mimi aliniambia anakula kwa Sajenti, alisema. Kwangu hajawahi kuja.

Sentensi mbili kwa mpigo. Siku nyingine wangeshangilia. Wazee watatu walisimama hapo, watu ambao hawajawahi kumwacha jirani kufunikwa na mgeni, na hakuna aliyejua jirani yao alikula wapi Krismasi kumi na mbili. Sajenti alilichukua tena beleshi. Uso wake wote ulikuwa umegeuka mwekundu, mpaka shingoni.

Dervla akawatazama mmoja mmoja, na taratibu uso wake ukaanza kuporomoka.

— Au alikuwa ananidanganya? alisema. Nisihuzunike? Alikuwa anakaa peke yake, simu inalia, anaitazama?

Kamili alikuwa ameyabana mabega. Ahadi ilihusu benchi, na benchi lote lilikuwa hapa linasikiliza. Lakini mzee hakuomba siri ili amlize huyu. Akamtazama Halina, na Halina akamrudishia macho yale yale aliyomtazama nayo miaka kumi na miwili nyuma, alipotaka kumwacha mtu aondoke mlangoni.

— Hakuwa peke yake, alisema Kamili.

— Unajua?

— Supu nyekundu aliipenda. Alikuwa anaongeza mara mbili. Samaki alikula kwa heshima. Ila uyoga hakuuweza. Alikuwa anautoa polepole, anauweka pembeni mwa sahani, anaufunika na kijiko, aliyepika asiuone.

— Niliuona, alisema Halina. Miaka yote kumi na miwili niliuona.

Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha duka. Dervla akaanza kulia na kucheka vyote pamoja, akamshika Halina kiuno pale pale alipokaa, akaegemeza kichwa. Redio alisahau kutangaza.

Sajenti alikuwa bado amesimama, beleshi mkononi. Akaliinua kwenye mwanga. Kidole chake gumba kikapita juu ya W, kikapita juu ya Z, kikarudi tena. Watu wa hapa wanaomba radhi hata wewe ukiwakanyaga, lakini kwa jambo kubwa hawana maneno, na Sajenti hakuyatafuta. Akairudisha simu ndani kabisa ya mfuko wa koti, akamwendea Kamili, akalinyoosha beleshi, mshikio mbele.

— Chukua beleshi lako, alisema.

Miaka kumi na saba Kamili hakuwahi kukataa kitu anachokitaka. Kwao ukipewa unapokea, ukitaka unasema. Na hiki alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka katika nchi hii. Akaiweka mikono nyuma.

— Hapana, mzee, alisema. Nisiwasumbue.

Redio akamshika Kimya mkono. Sajenti akalisogeza beleshi karibu zaidi, kwa sababu alikuwa ameelewa.

— Chukua, bwana. Jua linazama.

— Hapana. Nyinyi watatu mnatosha.

— Kamili, alisema Sajenti. Tafadhali, jirani.

Akalipokea. Wakaondoka wanne, mabeleshi begani, na walipofika kwenye lango la makaburi Sajenti akasimama pembeni, akavua kofia, akampisha Kamili apite wa kwanza.